Kuchepusha kijito cha msimu kinachopita kwenye machimbo, bara ya Mombasa: mfereji wa ukubwa gani, na umbali gani kutoka shimoni?

machimbo_bara

Salaam wenzangu. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya maji na miamba.

Machimbo ni ya jiwe la mchanga, kati ya Mazeras na Mariakani. Shimo lina hekta 6, kina cha sasa ni mita 18, na mpango ni kushuka hadi mita 45 kwa miaka 15. Jiwe zuri linaelekea kusini, na huko ndiko kinakopita kijito cha msimu. Januari hadi Machi ni kikavu kabisa. Masika yakishika, kinajaa ukingo hadi ukingo, na mvua kubwa ikinyesha maji hupanda mashambani.

Vipimo tulivyo navyo: eneo linalomwagia maji kwenye kijito ni kilomita 4 za mraba. Kutoka chanzo cha mbali hadi kwetu ni kilomita 3.5, na ardhi inashuka mita 60. Kipande tunachotaka kukihamisha kina urefu wa mita 950 na kinashuka mita 5.3. Njia mpya tuliyoichora ina mita 700, na inapita mita 15 kutoka ukingo wa mwisho wa shimo. Chini ya jiwe la mchanga kuna matabaka ya mwamba laini wa udongo, wa kijivu.

Maswali: mfereji uwe wa ukubwa gani? Unaweza kubaki udongo mtupu bila mawe? Mita 15 zinatosha? Na je, tukianza sasa hivi katikati ya Januari, tunaweza kuufungua kabla ya masika?

---

BiMaji

Nianze na maji yenyewe, maana kila kipimo kinatoka hapo. Usichukue upana wa kijito cha sasa ukadhani ndio ukubwa wa mfereji. Kijito cha asili hubeba ndani ya kingo zake mafuriko ya kila mwaka au miwili tu. Makubwa zaidi hupanda na kutandaa, kama ulivyosema mwenyewe kuhusu mashamba. Mfereji uliobanwa kati ya shimo na mlima hauna pa kutandaa. Yote lazima yapite ndani.

Chagua kwanza mafuriko ya kusanifia. Wengi wa machimbo madogo huchukua yale ya mara 1 katika miaka 25 kwa kuwa ni nafuu. Fanya hesabu hii: uwezekano wa mafuriko hayo kuzidiwa angalau mara moja ndani ya miaka 15 ni 1 toa 0.96 kipeo cha 15, yaani asilimia 46. Hiyo ni karibu sawa na kurusha shilingi, na chini ya mfereji kuna watu wakifanya kazi mita 45 ardhini. Kwa mafuriko ya mara 1 katika miaka 100, uwezekano ni asilimia 14. Mimi sioni sababu ya kushuka chini ya 100 pale ambapo maji yakivuka ukingo yanaangukia shimoni.

Muda wa maji kutoka chanzo cha mbali kufika kwenu, kwa kanuni ya Kirpich na vipimo ulivyotoa, ni kama dakika 50. Kwa hiyo unahitaji ukali wa mvua ya dakika 50 ya miaka 100, kutoka kwenye mikunjo ya mvua (michoro ya ukali wa mvua kulingana na muda wake) ya Idara ya Hali ya Hewa kwa kituo kilicho karibu nanyi. Nitatumia milimita 90 kwa saa kama mfano tu. Msijenge kwa namba yangu. Sehemu ya mvua inayotiririka nichukue 0.4. Basi: 0.278 × 0.4 × 90 × 4 = mita za ujazo 40 kwa sekunde.

Kisha linganisha na njia ya pili. Modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki ya TRRL (maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara) ya mwaka 1976 ilitengenezwa kwa maeneo madogo ya huku kwetu, na bado inafaa. Njia mbili zikipishana sana, usichukue wastani. Tafuta kwa nini zinapishana. Mara nyingi ni udongo: mwamba laini wa udongo ukishalowa kwa mvua za wiki mbili haunywi tena, na 0.4 inakuwa ndogo. Mvua za Novemba 2023 zilikuwa za namna hiyo, zilinyeshea ardhi iliyokwisha kulowa.

Sasa mfereji. Chukua sakafu ya mita 5, kingo za mlalo 2 kwa wima 1, mteremko wa 0.004, na ukwaruzo wa Manning (namba ya jinsi sakafu na kingo zinavyozuia maji) 0.035 kwa mawe yaliyopangwa. Kina cha maji kinatoka mita 2.04 na kasi mita 2.2 kwa sekunde.

Hapa ndipo watu wengi wanapoishia, na ndipo wanapokosea. Piga hesabu ile ile mara ya pili kwa mfereji uliozeeka, wenye nyasi, matete na matawi yaliyokwama: ukwaruzo 0.05. Kasi inashuka hadi 1.7 lakini kina kinapanda hadi mita 2.43. Hesabu ya kwanza ndiyo ya kuchagulia mawe, kwa sababu kasi ni kubwa. Ya pili ndiyo ya kuchagulia urefu wa kingo. Ukitumia ya kwanza kwa yote mawili, unajikuta akiba yako ya karibu mita nzima imebaki sentimita 57, na hiyo ni kabla ya mti mmoja kukwama.

Kwa hiyo kina cha kuchimba kiwe mita 3, bila kuhesabu unene wa mawe.

---

BiMaji

Naongeza, maana nimeliruka jambo la mteremko.

Mnafupisha njia kutoka mita 950 hadi 700, lakini mshuko ni ule ule wa mita 5.3. Mteremko unapanda kutoka 0.0056 hadi 0.0076. Mkiuacha hivyo, kasi inafika kama mita 2.75 kwa sekunde, na jiwe la kuhimili kasi hiyo lina uzito wa zaidi ya mara tatu ya jiwe la 2.2. Tena sakafu itaanza kuliwa kutoka mwisho wa chini kurudi juu, kidogo kidogo, hadi kwenye mto wa asili wa jirani yenu wa juu.

Dawa: mteremko wa 0.004 unatumia mita 2.8 za mshuko. Zinabaki 2.5. Zigaweni kwa ngazi 3 za maji za sentimita 80 na kitu kila moja. Kila ngazi iwe na ukuta uliozama mita 1.5 chini ya sakafu na kuingia mita 2 ndani ya kila ukingo, kisha beseni la mawe makubwa chini yake la kutulizia maji. Ngazi isiyoingia kwenye kingo huzungukwa ubavuni katika mafuriko ya kwanza, na baada ya hapo inasimama katikati ya mto kama kisiwa.

Kona zisiwe na nusu kipenyo chini ya mita 60. Mwanzo na mwisho wa mfereji ukutane na kijito cha asili kwa pembe isiyozidi digrii 30.

---

tuta95

BiMaji amemaliza upande wa maji. Mimi nazungumzia mita 15, na jibu ni hapana.

Mfereji wa kando ya shimo ni mzigo wa aina mbili: maji yanayoweza kuvuka juu, na maji yanayopenya chini. Mnaogopa ya kwanza kwa sababu yanaonekana. Ya pili ndiyo huangusha ukuta. Ukuta wa shimo ukichimbwa, mwamba wa nyuma yake hulegea na nyufa za wima hufunguka sambamba na ukingo, wakati mwingine mita 10 au 20 nyuma. Ufa mmoja wa kina cha mita 4 ukijaa maji husukuma ukuta kwa karibu kilonyuton 78 kwa kila mita ya urefu, sawa na tani 8. Ukijaa mita 8, msukumo ni mara nne ya hapo, si mara mbili. Jiwe la mchanga lililolala juu ya mwamba laini wa udongo, na maji yametanda katikati ya matabaka hayo mawili, linateleza hata kama ukuta wenyewe hauna dosari.

Mfano uliochunguzwa hadharani ni Yallourn, Victoria, Australia. Novemba 2007 ukuta wa mgodi wa makaa uliporomoka na mto Latrobe ukaingia shimoni. Msukumo wa maji ndani ya nyufa ulikuwa katikati ya maelezo ya ajali ile. Mgodi huo huo, Juni 2012, tuta lililobeba mchepuko wa mto Morwell lilifunguka na mto ukamwagikia machimboni. Juni 2021 nyufa zikaonekana tena kwenye mchepuko wakati wa mafuriko. Ule ni mgodi mkubwa wenye wahandisi wa kila aina. Sisi wenye ekskaveta mbili hatuna sababu ya kujiamini kuliko wao.

Anzeni na umbali usiopungua kina cha mwisho cha shimo, mita 45, kutoka ukingo wa mwisho hadi bega la mfereji. Hiyo ni namba ya kuanzia kuchora. Kisha mwanajiolojia apime mwelekeo wa nyufa na mlalo wa matabaka. Matabaka yakilalia upande wa shimo, mita 45 zinaweza kuwa chache; yakilalia upande wa pili, pengine mtaruhusiwa kusogea. Hesabu ya uthabiti, yaani nguvu zinazoshikilia ukuta zikigawanywa kwa zinazousukuma, ifanywe na nyufa zikiwa zimejaa maji, na matokeo yasiwe chini ya 1.5. Wekeni piezomita (mabomba ya kupimia kimo cha maji ya ardhini) zisizopungua tatu kati ya mfereji na shimo, zisomwe kila wiki masika na vuli. Kiwango kikipanda bila mvua, mfereji unavuja.

Na sasa jambo ninalotaka mlisome mara mbili, kwa sababu huachwa karibu kila mahali: mkondo wa zamani. Chini ya kijito chenu kuna mchanga na changarawe vilivyokusanyika miaka mingi, pengine mita 1, pengine 3. Mkiziba juu kwa tuta la udongo na kuelekeza maji kwenye mfereji, maji ya juu yatafuata mfereji. Ya chini yataendelea na njia yake ya kale ndani ya mchanga, chini ya tuta lenu, moja kwa moja hadi ukuta wa shimo. Kwanza yanatoka maangavu. Siku yakitoka na tope, ujue yanabeba tuta lenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kujenga kizibo cha juu, chimbeni mtaro kukata mkondo wa zamani wote, ukingo hadi ukingo, hadi mwamba mzima. Sakafu ya mtaro isipungue mita 3 ili rola iingie. Ufagieni mwamba kwa ufagio na upepo wa kompresa, nyufa zijazwe saruji laini, ndipo mjaze udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Kizibo kiwe mita 3.5 juu ya sakafu, kikae palepale mfereji unapoanzia, kisiache dimbwi mbele yake.

Tena kuna kizibo cha pili, cha chini, pale mfereji unaporudi kijitoni. Wengi hukisahau. Mafuriko yakijaa huko chini, maji hurudi kinyumenyume kwenye mkondo wa zamani na kuingia shimoni kutoka nyuma.

Tuta: tandaza udongo sentimita 25 kabla ya kushindilia, rola ya meno, asilimia 95 ya Proctor (kipimo cha maabara cha msongamano wa udongo ulioshindiliwa), unyevu kati ya asilimia 1 chini na 2 juu ya ule unaofaa. Udongo mkavu ulioshindiliwa unaonekana mgumu kama sakafu, lakini ndani una vitundu, na ukilowa mara ya kwanza hushuka na kupasuka. Pima kila tabaka.

---

machimbo_bara

Shukrani sana, BiMaji na tuta95. Mita 15 nimezifuta. Tukisogea mita 45, mfereji utakaa karibu wote kwenye ule mwamba laini wa kijivu na udongo wake. Udongo huo huo ndio tulitaka kujengea tuta. Unafaa? Na mawe: tuna rundo kubwa la mabapa yaliyokataliwa, yale ya kutandikia nyua. Tunaweza kuyatumia?

---

mwamba_rabai

Kama mwamba wenu wa kijivu ni wa matabaka ya Maji ya Chumvi, udongo wake una tabia yake, na jina la mahali limekwisha kukuonya. Sehemu nyingine una sodiamu nyingi, na udongo wa sodiamu haumomonyoki kwa kasi ya maji tu. Unayeyuka wenyewe ndani ya maji yaliyotulia. Tuta la udongo huo linaweza kutobolewa handaki na maji yasiyo na nguvu yoyote.

Jaribio la kwanza halina gharama. Chukua donge la udongo la ukubwa wa punje ya kunde, lenye unyevu wake wa asili, usilikaushe juani. Lidondoshe taratibu kwenye glasi ya maji yaliyotoneshwa, yale ya betri. Usiiguse glasi. Tazama dakika 10, kisha saa 1. Donge likisambaratika na kulala chini kama kilima kidogo na maji yakabaki maangavu, huko ni kumumunyuka kwa kawaida. Ukiona ukungu mwembamba ukianza kuzunguka donge kama moshi wa udi, ukitambaa chini ya glasi na kuenea hadi huoni ukingo wake, udongo huo ni wa sodiamu. Fanya kwa madonge 10 kutoka sehemu 10 tofauti, maana huweza kubadilika ndani ya mita chache.

Usitumie maji ya kisima. Visima vingi vya huko ni vya chumvi, na chumvi hushikanisha chembe za udongo. Donge litatulia, utaambiwa udongo ni mzuri. Mvua ikija na maji yake yasiyo na chumvi, ukweli unatokea ndani ya tuta.

Ukiwa na dosari, njia ni tatu. Leta udongo mwingine kutoka nje. Au changanya chokaa iliyozimwa, asilimia 2 hadi 4 kwa uzito, baada ya maabara kuthibitisha kiasi. Ichanganywe kwa haro, isimwagwe juu tu. Au utumie udongo huo upande wa nje pekee na kuweka kichujio cha mchanga safi nyuma ya kiini cha tuta. Mchanga wa kichujio uchaguliwe hivi: ule ukubwa ambao asilimia 15 ya mchanga ni ndogo kuliko huo usizidi mara 5 ya ukubwa ambao asilimia 85 ya udongo ni ndogo kuliko huo. Maji yanapita, udongo unabaki.

Jambo la pili: mwamba huo ukichimbwa unaonekana imara. Uache wazi juani siku tatu kisha umwagie maji, utaona unachanika vipande vipande kama biskuti kwenye chai. Kwa hiyo msichimbe mfereji wote halafu mje kuweka mawe baada ya miezi. Sentimita 30 za mwisho zichimbwe siku ile ile ya kutandika kitambaa na mawe.

---

fundi_mawe

Kuhusu mabapa: kwa kutandikia ua hakuna kama jiwe la Mazeras. Kwa kulinda mto, bapa ni jiwe baya. Maji hupata ukingo wake, yanalinyanyua kama karata na kulibeba. Jiwe la mfereji liwe na kona, na urefu wake usizidi mara 3 ya unene. Chagueni yale manene yasiyokatika vizuri, ambayo wakataji huyatupa. Mabapa membamba yawekwe barabarani.

Ukubwa, kwa kanuni ya Isbash, kasi ya 2.2, maji yenye msukosuko, na jiwe la uzito wa mara 2.4 ya maji: kama sentimita 24. Kwenye kona za nje na chini ya ngazi ongeza hadi 35 au 40. Rundo liwe na mchanganyiko, nusu ya uzito wake iwe ya mawe ya 24 au zaidi. Madogo hujaza nafasi na kuyafunga makubwa.

Pima ubora kwa nyundo kwanza. Jiwe zima hulia kwa sauti kali, lenye ufa hutoa mdundo mzito uliokufa. Kisha loweka mawe 20 usiku, yaanike mchana, kwa siku 15. Yakianza kubanduka magamba, hayafai kukaa mahali panapolowa na kukauka kila msimu.

Unene wa tabaka ni sentimita 45, chini yake kitambaa cha jiotekstaili kisichofumwa. Kipandishe kitambaa hadi juu ya kingo na kukizika kwenye mtaro wa sentimita 50. Mapishano ya vipande yawe sentimita 50, kipande cha juu ya mto kilalie cha chini ya mto kama vigae vya paa. Mawe yasiangushwe kutoka juu ya mita 1, yatachana kitambaa. Yaanze kuwekwa chini kwenye guu la ukingo, yapande. Yakianzia juu yanateleza.

Mkifunika hadi kina cha mita 2.75 na kuacha sehemu ya juu kwa nyasi, ni kama mita za ujazo 7.8 kwa kila mita ya mfereji. Kwa mita 700 ni 5,500, yaani safari 550 za tipa la mita za ujazo 10. Mkirefusha njia kwa kuusogeza mfereji, zidisheni. Kuchimba ni kama mita za ujazo 33 kwa kila mita, ongeza 8 za nafasi ya mawe: karibu 29,000 zote.

Wengine watakushauri gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, kila mahali. Mimi nasema gabioni kwenye ngazi tu na kuta za kuingilia. Waya wa kawaida hauchukui muda kuliwa na kutu penye maji ya chumvi chumvi. Chukua uliofunikwa plastiki, unene wa milimita 2.7, tundu la milimita 80 kwa 100. Mawe ya ndani yawe sentimita 12 hadi 25, yapangwe kwa mkono upande wa mbele, na kila sanduku lifungwe nyaya za kuvuta ndani kila theluthi ya kimo. Kijito kinachobeba kokoto hukata waya wa sakafuni kama msasa, kwa hiyo mdomo wa ngazi umwagiwe zege la sentimita 15.

---

tuta95

Nakubaliana na fundi_mawe, ila naongeza jambo moja la kingo. Msizifanye pande zote mbili sawa. Bega la upande wa mbali na shimo liwe chini kwa sentimita 40, kwa urefu wa kama mita 50, limefunikwa mawe. Siku ikija mvua iliyozidi hesabu zote, maji yachague upande huo. Lakini hili lifanyike tu kama upande huo ni ardhi yenu na hakuna nyumba wala shamba la mtu. Kama kuna watu, inueni pande zote mbili na mpanue sakafu. Haifai kulinda shimo kwa kumfurikia jirani.

Na baruti: mashimo ya kulipulia yaliyo karibu na mfereji yapunguziwe kiasi kinacholipuka kwa mpigo mmoja, na mtetemo upimwe kwa chombo kwenye bega la mfereji. Ufa wa mtetemo hauonekani juu ya mawe. Unaonekana piezomita inapopanda.

---

BiMaji

Kuhusu vibali, kwa kuwa hukuuliza: msianze kuchimba bila hivyo. Kuchepusha mto kumetajwa wazi katika jedwali la pili la sheria ya mazingira ya 1999, kwa hiyo tathmini ya athari inapelekwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Kazi yoyote ndani ya mkondo wa maji inahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016, hata kama kijito ni kikavu miezi mitatu. Ukanda wa ukingo ni kati ya mita 6 na 30 kila upande, na mfereji mpya mpangieni ukanda wake tangu mwanzo. Kaeni na watumiaji maji wa chini mapema: ng'ombe wanakunywa wapi, wanawake wanachota wapi, madimbwi gani hubaki hadi Februari. Njia mpya ikikosa dimbwi lililokuwa la mwisho kukauka, mmewaondolea maji hata kama hamkupunguza tone.

Maji ya shimoni yasiingie kwenye mfereji bila kutulizwa. Mvua ya milimita 100 juu ya hekta 6 ni mita za ujazo 6,000. Pampu ya mita za ujazo 100 kwa saa itahitaji saa 60 mfululizo. Chembe za mikromita 20 huzama kama milimita 0.4 kwa sekunde, hivyo bwawa la kutulizia linahitaji mita za mraba 70 kwa hesabu safi. Jenga 140, mita 7 kwa 20, maji yaingie upande mfupi na kutoka upande mfupi wa pili. Tope mkiliachia linashuka hadi hori, linafunika mizizi ya mikoko, na wavuvi wa huko hawana wa kumuuliza.

Ndani ya sakafu ya mita 5 chimbeni kijia cha maji machache, upana mita 1.5 na kina sentimita 40, kikizungukazunguka. Sakafu bapa hutandaza maji ya mwisho wa msimu hadi yanakauka kwa jua. Mto McArthur kaskazini mwa Australia ulichepushwa kilomita 5.5 kuzunguka mgodi wa zinki na risasi, na mimea ya kingoni ilichelewa miaka mingi kushika. Walilazimika kupanda na kuweka magogo ndani ya mkondo. Nyie pandeni ukoka juu ya kingo, vetiva kwenye mstari wa mawe, matete na mikindu kwenye guu la upande wa mbali. Juu ya kizibo na tuta pasipandwe mti wowote: mzizi ukioza unaacha bomba. Na pazungushiwe ua, mbuzi wakiingia wiki ya kwanza hakuna ukoka.

---

fundi_mawe

Swali la masika limesahaulika. Ekskaveta mbili za tani 20 huchimba kama mita za ujazo 1,000 kwa siku, basi kuchimba ni siku 30. Mita za ujazo 5,500 za mawe ni siku 20 zikienda vizuri. Ongeza mtaro wa kukata mkondo, vizibo, ngazi tatu, kupima udongo: miezi mitatu. Mkianza katikati ya Januari mnafika katikati ya Aprili, kizibo kikiwa nusu. Hakuna mahali pabaya pa kukutana na masika kuliko hapo.

Tumieni Januari hadi Machi hii kwa kuchoronga, kupima udongo, piezomita na vibali, na kulundika mawe. Chimbeni Julai hadi Septemba, kuanzia mwisho wa chini kupanda juu ili maji ya mvua ndogo yajitoe yenyewe. Acheni gogo la udongo wa asili (kipande kisichochimbwa, cha kuzuia maji) la mita 10 kila mwisho. Vuli iinyweshee nyasi wakati kijito bado kinapita njia yake ya zamani. Kisha Januari inayofuata, mkondo ukiwa mkavu, kateni mtaro, jengeni vizibo viwili, ondoeni gogo la chini kwanza, la juu mwisho.

---

machimbo_bara

Nimeelewa. Wiki hii tunaanza na madonge kumi na maji ya betri, na tunachimba mashimo matano ya kupima mchanga chini ya mkondo wa zamani. Nitaweka hapa kina cha mchanga na matokeo ya glasi. tuta95, hayo mashimo matano yawe kwenye mstari wa kizibo cha juu pekee, au na cha chini pia?

---

tuta95

Matatu juu, mawili chini. La katikati la kizibo cha juu lishuke mita 2 ndani ya mwamba mzima, na mmwage maji humo mkipima yanashuka kwa kasi gani. Yakishuka haraka, mwamba wenyewe una nyufa, na mtaro utahitaji kwenda chini zaidi.